Hesabu za Umeme si Siri ya Meneja



Katika kiwanda kimoja cha kujaza maji hapa Juba, ambacho jina lake tunaliacha kwa sababu mazungumzo bado yanaendelea, lilibandikwa tangazo mlangoni pa stoo. Lilisema kwamba gharama za umeme zimepanda mno, na kwamba sababu yake ni wafanyakazi kuchaji simu, kuchemsha chai na kupiga pasi ndani ya kiwanda. Kwa hiyo posho ya chai na usafiri ya zamu ya jioni imesimamishwa, na walinzi wawili wa usiku watakatwa mshahara, kwani umeme hupotea zaidi saa zao. Tulipofika kuuliza imejulikanaje kuwa unapotea saa zao, tulijibiwa kwa neno moja: kompyuta.

Tuliomba kuonyeshwa karatasi za hiyo kompyuta. Tukaambiwa hizo ni siri za ofisi.

Sisi wa chama wengi wetu tumeishia darasa la saba, na wengine hata hapo hatukufika. Lakini mita ya kiwanda iko ukutani nje, karibu na geti, na tarakimu zake hazina siri. Katibu wetu wa tawi pale, mama anayefanya kazi ya kufunga vizibo, alimnyang'anya mwanawe daftari la hesabu lenye mistari ya miraba, akachora safu: tarehe, saa, tarakimu. Wakagawana kazi. Mchana anasoma yeye mwenyewe kila anapokwenda kunywa maji, jioni anasoma fundi wa mashine, na usiku wanasoma walinzi wale wale wanaotuhumiwa. Mmoja wao hakusoma shule, lakini tarakimu anazijua kuliko sisi, kwani alihesabu magunia kwenye malori ya Nimule kwa miaka mingi. Waliandika kila saa kwa siku saba.

Tukakaa chini ya mwembe tukatoa: ya saa hii kuondoa ya saa iliyopita. Mchana, mashine zikijaza maji, mita ilikimbia, na hilo kila mtu alilitegemea. Lakini kuanzia saa nne usiku, mashine zikishazimwa, hadi saa kumi na moja alfajiri, mita haikulala. Ilikula uniti tisa kila saa, usiku baada ya usiku, hata Jumapili ambapo kiwanda kimefungwa na ndani kuna taa mbili tu.

Uniti tisa si simu. Simu moja ikijazwa chaji kutoka sifuri, uniti moja yatosha simu kama sitini. Birika la lita moja na nusu, uniti moja hulichemsha mara sita hivi. Tulipiga hesabu: uniti tisa mara saa saba ni uniti 63 kwa usiku. Ili wafanyakazi wale umeme huo kwa simu ingebidi wachaji simu karibu 3,800 kila usiku, na kiwanda kina wafanyakazi 41. Hapo hata yule mzee wa kupakia, ambaye hacheki ovyo, alicheka.

Mwizi alipatikana usiku wa nane, na alikuwa amesimama nyuma ya stoo. Ni kompresa ya hewa. Mipira yake ilikuwa imechakaa kwenye maungio, hewa inavuja, na kila ikivuja mashine inaamka kuijaza tena, inalala kidogo, inaamka. Fundi alikuwa ameandika ombi la kununua mipira mipya mara mbili, na nakala zake anazo.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu siku hizi tunasikia maneno makubwa sana kuhusu mashirika ya umeme na kompyuta zao, na vijana wa ofisini wanayasema kwa namna ya kumtisha mtu asiulize. Wanasema data, wanasema uchambuzi wa data. Data ni tarakimu zile zile za daftari la katibu wetu. Uchambuzi ni kule kutoa ya saa iliyopita kutoka ya saa hii, na kujiuliza mbona usiku haulali. Tofauti ni kwamba shirika lina madaftari maelfu kwa maelfu, na hayasomwi na mlinzi bali na mita yenyewe, ambayo kila nusu saa au robo saa hupeleka tarakimu zake ofisini kwa njia ya simu au kwa nyaya zile zile za umeme. Kompyuta hutoa na kujumlisha haraka kuliko sisi chini ya mwembe. Kazi ni ile ile.

Sasa tutazame mji wetu. Wengi tulioingia Juba kabla ya 2019 tunakumbuka jinsi usiku ulivyokuwa ukivuma: kila hoteli na jenereta yake, kila duka la Konyokonyo na kajenereta kake ka kamba, na mwenye kukosa alikaa na taa ya betri. Novemba 2019 ulifunguliwa mtambo wa megawati 33 unaochoma mafuta mazito, uliojengwa na kampuni ya Ezra, na nguzo na nyaya mpya zikasimamishwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kazi ya kuugawa na kuuuza umeme huo wakapewa JEDCO, ambayo ni ubia wa Ezra na shirika la umeme la serikali. Wateja wakawekewa mita za kulipia kabla: unanunua, unabonyeza namba, taa inawaka. Zikiisha uniti, giza. Haya yote ni katika mji mkuu tu. Katika nchi nzima wenye umeme bado ni chini ya mtu mmoja katika kila kumi.

Mtambo wa mafuta una tabia ambayo mfanyakazi yeyote aliyeendesha jenereta kubwa anaijua. Ukiuendesha na mzigo mdogo unakunywa mafuta mengi kwa kila uniti inayotoka, na unajichafua ndani. Ukiubebesha kupita kiasi, unaanguka na kuangusha laini zote. Kwa hiyo mtu wa chumba cha mitambo anapaswa kujua mapema: leo saa moja jioni, watu wakirudi nyumbani na kuwasha taa na pasi, mji utataka kiasi gani? Zamani alikisia kwa uzoefu, na wazee wa kazi hiyo walikisia vizuri sana. Kompyuta hufanya kama wao, ila inakumbuka kila jioni ya miaka iliyopita, siku ya joto na siku ya mvua, Krismasi na siku ya mshahara. Mwaka 2025 karibu na Juba uliongezwa umeme wa jua, megawati 20 pamoja na betri, na hapo hesabu inazidi kuwa ngumu kwani wingu moja likipita umeme unashuka kwa dakika chache. Betri inaziba pengo, lakini lazima mtu au mashine iwe imeamua kabla ni betri kiasi gani iachwe kwa jioni.

Makosa katika hesabu hii yanalipwa kwa dola. Nchi yetu inachimba mafuta ghafi, na mabomba yake yanapita Sudan hadi Port Sudan. Lakini mafuta yanayochomwa hapa yanaletwa na malori, na dereva wa lori ndiye anayejua barabara ya kutoka Mombasa ina mashimo mangapi. Kiwanda kikubwa cha bia kilichofunguliwa hapa 2009 kilisimama 2016 kwa kukosa fedha za kigeni, na wenzetu wakarudi nyumbani. Uniti inayopotea Juba si jambo dogo la mafundi. Ni ajira.

Mwaka 2023 Sudan Kusini na Uganda zilitia saini mkataba wa kuuziana umeme, ili waya uvuke mpaka siku moja kutoka upande wa Nimule. Ukifika, Juba italazimika kuagiza umeme kwa kipimo, na anayeagiza bila tarakimu atalipia asichotumia.

Kuna kitu kingine kinachofanywa na hizi hesabu. Chukueni mfano. Transfoma moja mtaani imewekewa mita yake, na mwezi huu imetoa uniti 1,000. Nyumba zote zilizoungwa kwenye transfoma hiyo zimenunua uniti 800. Mia mbili ziko wapi? Sehemu yake imekuwa joto tu ndani ya nyaya, kwani hakuna waya usiokula, na waya mwembamba na mrefu hula zaidi. Sehemu nyingine imeibwa, au mita imekufa, au karani aliandika vibaya. Bila mita ya transfoma, shirika linajua tu kuwa linapata hasara, wala halijui mtaa gani. Kwa mita hiyo linajua ni nguzo ipi ya kwenda kutazama.

Uganda ni mfano wa karibu. Kampuni ya Umeme ilipokabidhiwa usambazaji mwaka 2005, katika kila uniti 100 zilizoingia kwenye nyaya 38 zilikuwa zinapotea. Baada ya miaka kumi na kitu zikawa kama 17. Walibadilisha nyaya, wakaleta mita za kulipia kabla zinazoitwa Yaka, na wakafuata tarakimu laini kwa laini. Mkataba wao uliisha Machi 2025 na kazi ikarudi kwa shirika la serikali, UEDCL. Kenya wanaendelea kupoteza zaidi ya tano moja ya umeme wanaonunua, na walianza kwa kuwawekea viwanda vikubwa mita zinazojisoma zenyewe, kwani humo ndimo zilimo pesa nyingi. Wenzetu wa viwanda vya Nairobi na mashamba ya chai ya Kericho wafahamu jambo hilo. Meneja wako ana taarifa ya kila nusu saa ya kiwanda chake. Akisema hajui umeme unakwenda wapi, hajafungua barua.

Sasa tuseme yanayotuhusu sisi.

La kwanza ni ajira ya msoma mita. Italia waliweka mita za kujisoma zaidi ya milioni 30 kati ya 2001 na 2006, na kazi ya kwenda nyumba kwa nyumba na kitabu ikaisha. Hapa Juba hatukuwa na jeshi kubwa la wasoma mita wa kupoteza, kwa kuwa nyaya mpya zilikuja na mita za kulipia kabla. Lakini wenzetu wa Kampala, Dar es Salaam na Nairobi waliiona kazi hiyo ikipungua macho yao yakiangalia. Hatusemi mita irudishwe nyuma. Tunasema msoma mita ni mtu anayejua kila uchochoro, kila mbwa na kila waya uliochomekwa kwa hila, na kompyuta inapoonyesha kuwa uniti 200 zimepotea, ni huyo huyo anayefaa kutumwa. Afundishwe kazi mpya kabla mashine haijafika. Kumfundisha baada ya barua ya kufukuzwa ni kumdhihaki.

La pili ni uhai wa fundi wa nguzo. Hapa ndipo tunapoziunga mkono hesabu hizi kwa mikono miwili. Mita nzuri humwambia mtu wa ofisini ni laini ipi imekatika na ni transfoma ipi imepata moto kupita kiasi, kabla mafuta yake hayajaungua na kabla fundi hajapanda kutafuta kwa kubahatisha. Lakini, ndugu zetu, Juba ni mji wa majenereta. Umeme ukikatika, mtu anawasha jenereta yake, na kama hakuweka swichi ya kubadilishia, umeme wake unarudi nje kwenye waya wa mtaa. Ukiifikia transfoma, transfoma ile ile inayoushusha umeme sasa inaupandisha, na waya wa juu ambao ofisi inasema umekufa unakuwa na maelfu ya volti. Tarakimu za ofisini zitasema laini imezimwa. Fundi asiziamini peke yake. Apime kwa kipimo chake na aunge waya ardhini ndipo aguse, hata kama msimamizi anapiga simu kwamba mkubwa fulani yuko gizani. Na wewe mwenye jenereta, kiwandani au nyumbani, swichi ya kubadilishia ni bei ndogo kuliko mazishi ya mtoto wa mtu.

La tatu ndilo lililotupeleka kwenye kile kiwanda cha maji. Kompyuta ikisema umeiba, nani atakutetea? Msidhani ni jambo la nchi changa. Uingereza, kati ya 1999 na 2015, wasimamizi wa vituo vya posta zaidi ya 900 walihukumiwa kwa wizi na udanganyifu kwa sababu programu ya mahesabu iliyoitwa Horizon ilionyesha fedha zimepungua. Wengine walifungwa jela, wengine walilipa upungufu huo kwa akiba za nyumba zao, na kuna waliojiua. Programu ndiyo iliyokuwa na kasoro. Bunge lilifuta hukumu hizo kwa sheria mwaka 2024, wakati baadhi yao walikwisha kufa. Kila mmoja alipolalamika, aliambiwa ni yeye peke yake mwenye tatizo hilo. Hawakuwa wakijuana. Tumelisoma jambo hilo mara mbili katika mkutano wa tawi.

Tena mita yenyewe ni kitu kilichotengenezwa na watu. Mnakumbuka pilikapilika za 2024, Kenya, Tanzania na Uganda, watu kuambiwa wabonyeze namba ndefu za ziada kabla ya tarehe 24 Novemba la sivyo mita zao zitakataa umeme mpya? Zile tarakimu 20 unazobonyeza zimeficha ndani yake dakika ambayo umeme ulinunuliwa, ikihesabiwa tangu Januari 1, 1993. Waliounda mpango huo waliweka nafasi ya dakika 16,777,216 tu, na dakika hizo zilikwisha siku hiyo. Hakuna aliyekosea sana. Walikata kitambaa wakidhani mtoto hatakua. Lakini yafaa kulikumbuka hilo siku karani anapokwambia mashine haiwezi kukosea.

Na la nne tunalitaja kwa ufupi, kwani wenye mji huu wanatuelewa. Mita inayosoma kila nusu saa inajua umelala saa ngapi, umesafiri lini, na nyumba ipi haina mtu. Uholanzi, mwaka 2009, Baraza lao la Juu lilikataa mita za namna hiyo zilazimishwe kwa kila nyumba, kwa sababu hiyo hiyo. Sisi tulioamshwa usiku kwa kugongewa mlango hatuhitaji kufundishwa kwa nini daftari la namna hiyo lisiachwe mezani.

Kwa hiyo chama kimeandika, na barua imekwisha kupelekwa kwa waajiri wa matawi yetu yote. Tunadai kwamba mwajiri akitaja umeme kuwa ni sababu ya kupunguza posho, saa za kazi au watu, aweke mezani tarakimu za mita za miezi mitatu, saa kwa saa kama anazo, na mwakilishi wa wafanyakazi apewe nakala. Tunadai pia kwamba asikatwe mtu mshahara kwa neno la kompyuta pekee, bila mtu kwenda kutazama kitu chenyewe kwa macho. Waajiri wawili wamejibu kuwa watafikiri. Mmoja ametuuliza tumejifunzia wapi mambo haya.

Pale kwenye kiwanda cha maji, tulimpelekea meneja daftari, pamoja na nakala mbili za maombi ya fundi. Alilifungua, akageuza kurasa polepole, akauliza nani aliyeandika za usiku. Mlinzi alisema, "Ni mimi, bwana." Meneja hakusema neno. Kesho yake tangazo halikuwapo mlangoni. Mipira mipya ya kompresa ilikuja wiki ya pili, na usiku wa kwanza baada ya kufungwa mita ilikula uniti moja tu hadi alfajiri. Fedha walizokatwa walinzi zimerudishwa mwezi uliofuata. Posho ya zamu ya jioni haijarudi hadi tunapoandika haya. Tumekubaliana kuonana tena baada ya siku kumi na nne, na katibu wa tawi anaendelea kuandika, sasa katika daftari la pili, kwani mtoto alilihitaji la kwanza shuleni.

Matawi yanayotaka kuanza kusoma mita zao wafike ofisini siku yoyote ya kazi baada ya saa kumi jioni. Njooni na daftari na kalamu. Safu tutawachorea.